JEMBE KWENYE KERIA YA HONDA

Mikono ilikuwa imezunguka kiuno.

Wadau, hicho ndicho nilichokiona, na hicho ndicho kilichonimaliza.

Nilikuwa ndani ya Land Rover ya chama cha ushirika, natoka Laela na magunia machache ya mahindi. Jua linazama. Vumbi la mwezi wa sita limepanda mpaka unaendesha kwa kukisia. Nikakata kona ya uwanja wa mpira hapo Sumbawanga mjini...

Pikipiki ikapita upande wa pili wa uwanja.

Honda nyekundu. Naijua. Ya rafiki yangu Nsajigwa.

Honda ile ile aliyoniambia imekufa, iko gereji.

Juu yake watu wawili wamebanana. Koti jeusi la Nsajigwa, na sweta la njano.

Sweta lile nililichagua mwenyewe dukani kwa mzee Zubery. Lilikuwa moja tu mji mzima. Nilimnunulia Silvana, mchumba wangu, kwa sababu baridi ya Ufipa mwezi wa sita haina undugu na mtu.

Silvana ambaye jioni ile, kwa ninavyojua mimi, alikuwa Mwazye huko, zahanati, anazalisha watoto wa watu.

Nikasikia anacheka.

Kile kicheko nilidhani ni changu peke yangu.

Sikusubiri nione zaidi. Nikageuza gari hapo hapo, magunia nyuma yakaangukiana, nikaondoka.

Sasa kaeni vizuri niwaambie tulifikaje hapo.

Ni miaka ya sabini katikati, vijiji vya ujamaa vimeshapangwa, kila mtu ni ndugu. Ndugu mwenyekiti, ndugu mwizi, wote ndugu. Mimi naitwa Alois, lakini mji mzima walikuwa wananiita Mzaha. Nilipelekwa chuo Dar nikasome niwe mtu mkubwa, mwaka wa pili nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya utani mmoja ambao mpaka leo naona ulichekesha. JKT nilikuwa nimejifunza gari, basi ushirika wakanipa Land Rover.

Huko vijijini nikawaambia watu ile gari inatumia togwa.

Walikubali. Kila nikifika Mwazye akina mama wananiletea kibuyu cha togwa cha gari. Mimi nakizungusha nyuma ya bodi, nakunywa, nafuta mdomo, nawasha, gari linaondoka. Wanapiga vigelegele.

Siku moja akatoka mkunga wa zahanati na kibuyu. Msichana mrefu, macho makavu. Akakiweka juu ya boneti, akakunja mikono.

"Haya. Linyweshe nikiona."

"Dada, hili gari lina aibu. Halinywi mbele za watu."

"Basi nitafumba macho."

Akafumba kweli. Nikanywa. Alipofumbua nilikuwa na togwa puani.

Huyo ndiye Silvana.

Kumpenda haikunichukua muda. Shida ilikuwa kumfanya aamini. Kila nikimwambia nakupenda anauliza, "Huo nao ni mzaha?" Likawa swali lake. Mpaka nikampeleka baba mkubwa wangu, mzee Beda, na jembe.

Nyie wa siku hizi mnatuma posa kwa simu. Kwetu, upande wa kina Silvana, posa ilifunguliwa kwa jembe. Wazee wako wanalipeleka, na wazee wa binti wakikubali wanaliegemeza nyuma ya mlango. Likikaa pale, binti ana mwenyewe. Na upande wa mwanaume mkilidai, mnarudishiwa bila maneno. Ila likishatoka, mlango ule hugongi tena. Hata uje na ng'ombe.

Jembe langu likaegemezwa. Silvana akaliona pale, akaamini.

Akaniambia, "Alois, jembe siyo togwa."

"Najua."

Tatizo likabaki moja. Masika yakianza, Land Rover inaishia njiani, kwenye tope. Miezi mizima mimi niko mjini, yeye yuko Mwazye, hatuonani. Na dawa hazifiki. Mwaka ule alifiwa na mama mmoja mikononi mwake kwa kukosa dawa ambayo mjini ilikuwa imejaa kabatini. Silvana hakuwahi kulisimulia tena, lakini nilikuwa naona.

Ndipo ikatangazwa kwamba idara ya afya imepata pikipiki moja kwa ajili ya zahanati ya Mwazye, ya kufuata dawa mjini. Mtumishi yeyote aombe, ila awe na leseni ya pikipiki.

Nikasema hii ni yangu. Nahamia Mwazye, masika na kiangazi niko na mke wangu.

Nikaenda kwa mkaguzi wa leseni kifua mbele.

"Afande, leseni ninayo. Ya gari. Niongezee tu na pikipiki."

"Niongezee? Kwani ni chumvi?"

"Si gari kubwa, pikipiki ndogo, afande?"

"Ndugu, gari ni gari, pikipiki ni pikipiki. Gari linakubeba. Pikipiki unaibeba wewe. Kajifunze, uje ufanye jaribio."

Rafiki yangu Nsajigwa alikuwa bwana mifugo, kijana wa Tukuyu, mpole, pikipiki ndiyo miguu yake. Akakubali kunifundisha. Lakini Honda yake, akasema, iko gereji. Tutatumia BSA ya zamani, gofu la Mwingereza lililoachwa nyuma ya ofisi yao.

Somo la kwanza nikamuuliza, "Rivasi iko wapi?"

"Rivasi ni miguu yako. Shuka usukume."

Nikaondoka vizuri. Nikaenda vizuri. Nikafunga breki vizuri, nikasimama, nikatulia juu ya kiti kama bosi...

Nikaanguka kama gunia.

Nsajigwa akaja anakimbia. "Mbona hukuweka mguu chini?"

"Gari gani linawekewa mguu chini?"

Alicheka mpaka akakaa.

Lakini nikajua. Kwenye ile BSA gia iko mguu wa kulia, breki mguu wa kushoto. Kwa dereva wa gari hiyo ni kama kuambiwa kuanzia leo kula kwa mkono mwingine. Miguu yangu ilikataa, nikaibembeleza, nikaitukana, mwisho ikakubali. Kulia gia, kushoto breki. Nikawa nayaota.

Ila kitu kimoja kilinishangaza. Nsajigwa alikuwa hafundishi jioni. Asubuhi tu. Nikimwambia tuje jioni, anakwepa macho.

"Jioni nina ng'ombe wa kuchanja."

"Ng'ombe gani wanachanjwa magharibi?"

"Wakali."

Nikacheka. Nilidhani mshikaji kajifunza utani kwangu.

Halafu ndiyo ikaja ile jioni ya uwanjani. Honda haiko gereji. Ng'ombe hakuna. Kuna sweta la njano.

Sikumuuliza mtu. Wadau, mtu wa utani akiumia huwa hajui aanzie wapi kusema. Nikakaa nalo kifuani.

Siku ya jaribio nikafika uwanjani macho mekundu. Watu wamejaa, maana Mzaha kupanda pikipiki ilikuwa sinema ya bure. Madumu yamepangwa. Pembeni akina mama wameanika ulezi kwenye mikeka.

Na pembeni ya madumu, Honda nyekundu. Imeoshwa inang'aa. Nsajigwa kasimama hapo.

Na Silvana. Na sweta lake.

Akanipungia mkono anatabasamu. Hakuwa ameniambia kama anakuja mjini.

Mkaguzi akasema, "Pikipiki ya Mwazye ni Honda. Kwa hiyo leo kila mtu anajaribiwa kwa Honda. Ndugu Alois, anza."

Nsajigwa akanisogelea haraka, ananong'ona. "Sikujua watatumia hii. Sikia, hii ni kinyume. Breki kulia kama gari lako. Sahau niliyokufundisha..."

"Toa mkono wako begani kwangu."

"Alois, nisikilize."

"Nimeshakusikiliza vya kutosha."

Nikapanda.

Madumu nikayazunguka, la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, watu wanaguna kwa heshima. Nikanyoosha kuelekea kwa mkaguzi. Akainua mkono nisimame.

Nikakanyaga breki. Kushoto. Kwa nguvu zangu zote.

Honda haikusimama. Ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikaruka. Mkaguzi akaruka na yeye, upande wake. Mimi nikapitiliza, nikaingia kwenye mikeka, nikaanguka na ulezi wa mama wa watu mpaka mdomoni.

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Mzaha kaamua kusaga ulezi!"

"Huyu kafanya makusudi. Namjua."

Mkaguzi akaja anajipangusa. "Unaniletea utani kazini?"

"Afande, sikutania. Nilifundishwa kinyume."

Wakacheka zaidi. Watu wakishakuzoea kwa utani, hata ukilia wanatafuta kichekesho kiko wapi.

"Umefeli. Ondoka mbele yangu."

Nikatoka nachechemea kuelekea kwenye Land Rover. Silvana akanikimbilia, kanishika mkono.

"Umeumia? Alois, usiondoke. Ngoja kidogo tu. Kuna kitu nataka ukione."

"Nimeshakiona."

"Umeona nini?"

"Wewe na Nsajigwa. Uwanja huu huu. Juu ya Honda hii hii."

Nikasubiri akane. Wallahi nilikuwa naomba akane.

Akaweka mkono mdomoni, halafu... akatabasamu.

"Kumbe ulituona? Na sisi tulivyojificha. Usikasirike basi, ningekwambia leo leo."

Ningekwambia leo leo!

Kichwa kikaingia giza. Ulezi bado uko kwenye meno, watu bado wanacheka, mchumba wangu ananitabasamia.

Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Basi pandaneni mpaka Mwazye. Namtuma baba mkubwa akachukue jembe langu."

Akina mama wakaacha kuokota ulezi.

Wafipa wale walijua neno hilo lina uzito gani.

Tabasamu la Silvana likaondoka polepole. Akaniangalia kama siku ile ya kibuyu.

"Alois. Huo nao ni mzaha?"

"Leo sina mzaha."

"Nakuuliza tena mbele ya watu. Ni mzaha?"

"Nataka jembe langu."

Nikawasha gari. Kwenye kioo niliona amesimama pale pale, na Nsajigwa anamwambia kitu, na yeye anatikisa kichwa.

Baba mkubwa Beda alikuwa ukumbini anapukuchua mahindi. Nikamweleza. Hakuacha kupukuchua.

"Mgongoni bado una vumbi la kuanguka," akasema. "Jembe halidaiwi na mtu mwenye vumbi mgongoni. Oga, ulale. Kesho tuzungumze."

"Baba mkubwa, naomba uende."

"Umemuuliza binti?"

"Kakubali mwenyewe kwa mdomo wake."

"Kakubali nini?"

Nikamtafutia lori la kesho yake, nikampandisha mwenyewe. Akapanda kama mtu anayepelekwa mahakamani.

Nsajigwa alikuja kugonga. Alikuja asubuhi, akaja jioni.

"Fungua, ndugu yangu. Umeona vibaya."

"Macho ni yangu."

"Dakika moja tu."

Nikafungua redio mpaka mwisho. Akasimama pale nje muda mrefu, nilikuwa naona kivuli chake chini ya mlango. Mwisho kikaondoka.

Jumapili, watu wanatoka kanisani, nikasikia mlio wa Honda nje kwangu.

Na honi. Ndefu.

Nikasema leo atanijua. Nikachukua spana, nikatoka.

Hakuwa Nsajigwa.

Alikuwa Silvana.

Peke yake. Juu ya Honda mpya ya zahanati. Yeye ndiye kashika usukani.

Sweta la njano limegeuka rangi ya barabara. Uso mzima vumbi, isipokuwa mistari miwili kutoka machoni mpaka kidevuni. Suruali ya kiume chini ya kitenge. Na nyuma, kwenye keria, limefungwa kwa mpira wa baiskeli...

Jembe langu.

Akasimamisha pikipiki, akaweka mguu chini. Vizuri kabisa. Ule mguu ulionishinda mimi.

"Baba mkubwa wako anakuja na lori," akasema. "Jembe amekataa kulibeba. Kasema mkono wake haukubali. Nikasema nitalileta mwenyewe."

Spana ikanidondoka.

"Silvana... nani kakufundisha?"

"Si ulituona?"

"Ile jioni..."

"Ile jioni nilikuwa mbele mimi. Nsajigwa alikuwa nyuma, kanishika kiuno kwa woga, anapiga kelele punguza, punguza, tutakufa. Ndicho nilichokuwa nacheka."

Wadau, nikairudia ile jioni kichwani.

Mikono ilikuwa imezunguka kiuno. Ndiyo. Mikono ya koti jeusi, kwenye sweta la njano. Niliona kila kitu. Nilichokosa kuona ni nani alikuwa mbele.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Umenitania tangu siku ya kwanza. Nikasema na mimi nikutanie mara moja. Bwana mganga wa zahanati alisema mkunga akipata leseni, pikipiki anapewa yeye. Nikawaza, Alois abaki na gari lake mjini, mimi ndiye nitakuwa namfuata, na dawa nachukua humo humo. Nikamwapisha Nsajigwa asiseme. Ndiyo maana alikudanganya Honda ni mbovu. Jioni zote nilikuwa nayo mimi, huku kazini nimeaga naenda semina."

"Ulijua na mimi najifunza?"

"Aliniambia. Nilicheka mpaka nikalia. Kila mtu anamkimbilia mwenzake." Akajipangusa uso, vumbi likazidi kutapakaa. "Siku ile ulipofeli, jina langu ndilo lililofuata. Hukusubiri. Nimezunguka yale madumu huku sioni kwa machozi. Nimefaulu."

Akashuka. Akafungua ule mpira. Akalishika jembe kwa mikono miwili, akaliegemeza nyuma ya mlango wangu, kwa adabu, kama linavyowekwa.

"Nilipanga safari yangu ya kwanza na leseni iwe hii. Kuja kwako. Nipige honi, utoke, nikwambie panda nyuma. Sasa ndiyo nimekuja."

Nikapiga magoti. Mbele ya watu waliotoka kanisani.

"Silvana, rudi nalo. Ule ulikuwa mzaha. Nilikuwa natania."

Akaufunga ule mpira mtupu kwenye keria.

"Nilikuuliza," akasema taratibu. "Mbele ya watu wote nilikuuliza. Mara mbili."

"Nitakuja kwa baba yako, nitaongea naye..."

"Mlango umeshafungwa, Alois. Baba hafungui, unajua. Na mimi kama angefungua, sijui kama ningetoka."

Akapiga kiki. Ikawaka mara moja.

Nikabaki nimepiga magoti. Mimi, Mzaha, niliyekuwa na neno la kila kitu.

Alipofika kona ya kwenda barabara ya Matai akapiga honi tena. Fupi. Halafu vumbi.

Silvana alikaa na Honda ile miaka mingi. Ukifika Mwazye leo, uliza watu wazima, wengi walizaliwa na mkunga aliyekuja kwa pikipiki usiku wa mvua. Aliolewa baadaye na mwalimu, mtu mtaratibu asiyejua utani. Nsajigwa naye aliomba uhamisho akarudi kwao Tukuyu. Hakuniaga. Kivuli chake chini ya mlango ndiyo kwaheri yetu.

Mimi leseni ya gari bado ninayo. Ya pikipiki sikurudi kuichukua. Mkaguzi alinikuta sokoni siku moja akaniambia njoo tu, nitakupa nafasi nyingine, na nadhani alikuwa ananihurumia. Nikamwambia afande, safari yenyewe haipo tena.

Jembe lipo. Halijawahi kulima. Limeegemea pale pale alipoliweka, nyuma ya mlango. Watu wakiuliza nawaambia ni la kufukuzia nyoka, wanacheka.

Basi, wajukuu zangu. Siku ukimwona umpendaye juu ya pikipiki na mtu mwingine, usigeuze gari.

Zima injini. Subiri vumbi litue.

Halafu angalia nani kashika usukani.